Mama Mkwe Kando ya Kitanda

Sogea unisikilize, wewe unayesoma, hasa kama hujawahi kulazwa hospitali na tayari una wakwe. Kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza mimi kabla sijaingia hospitali moja ya hapa mjini kwetu Baraka nikiwa nimejikunja kama ndoano. Nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: kwanza tandika kitambaa, halafu chora kwa chaki, mkasi uje mwishoni.

Kazi yangu ni kufundisha ushonaji. Nina chumba karibu na soko, chenye vyerehani vya miguu, na paa linalovuja upande wa mlango. Siku moja mvua ilianza kumwagikia cherehani kilicho mlangoni, nami badala ya kuita watu nikakibeba peke yangu, kichwa, meza na chuma chake. Hapo ndipo ngiri yangu, niliyoishi nayo miaka mingi bila kugombana nayo, ilitoka na kukataa kurudi.

Kwa asiyejua ngiri, ni utumbo unaopenya kwenye nyama dhaifu ya kinena. Siku nyingi ulikuwa unatoka kidogo, ninalala chali, ninausukuma kwa kidole, unarudi mahali pake. Siku hiyo ulikwama. Utumbo uliokwama unakosa damu, na ukikosa damu unakufa, na wewe nyuma yake. Hakuna mzizi wala kidonge kinachoufungua. Ni kupasuliwa tu. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba ninatapika na kwamba mguu wa kulia haunyooki. Jirani alinipakia kwenye pikipiki, nikabanwa katikati ya dereva na yeye mwenyewe, tukaenda.

Sasa lilikuja swali linalokuja kila mgonjwa anapopelekwa hospitali kwetu: nani atakuwa gadimaladi? Huyo ni mtu wa nyumbani anayekaa na mgonjwa, anayempikia, kumfulia, kumshika anapokwenda msalani, kumkimbilia muuguzi maji ya serumu, yale yanayoingizwa mshipani, yanapokwisha. Bila gadimaladi umelazwa nusu. Mke wangu hakuweza. Alikuwa mzazi, kitovu cha mtoto wetu bado hakijaanguka. Dada yangu yuko Uvira, na barabara ilikuwa imekatwa na mto. Aliyebaki nyumbani mwenye nguvu na nafasi alikuwa mmoja, mama yake mke wangu, aliyekuja kutoka Mboko kumwosha mjukuu wake. Alimwita mama jirani aje kukaa na mzazi, akajifunga kitenge cha pili, akachukua mkeka, sufuria na beseni, akatufuata kwa miguu.

Lazima nikueleze kidogo kuhusu mama mkwe na mume wa binti yake. Kwetu hawa wawili wanaheshimiana kwa umbali. Tangu nilipooa sijala chakula mbele yake. Tukikutana njiani, mmoja anapisha mapema. Akitaka kuniambia neno, anampa mke wangu anifikishie, na langu linarudi kwa njia hiyohiyo. Habari za mwili ndizo zilizo mbali kuliko zote: hata nikiwa na mafua, mbele yake ninasema nimechoka. Usidhani ni chuki. Ni upendo uliowekewa ua.

Na huyo ndiye aliyetandika mkeka wake kando ya kitanda changu.

Ukiniuliza kama hospitalini walinipokea vizuri, nami nitakuuliza: saa ngapi? Mwanzo tulikaa kwenye benchi, watu wenye makoti meupe wakipita na kupita, hakuna aliyenitazama, hata nikaanza kuamini nimekuja kufia mbele ya mlango. Kisha daktari mmoja kijana alisimama, akagusa mahali pale mara moja tu, na hapohapo watu wote wakaanza kukimbia kwa ajili yangu. Wakati wengine wanatafuta machela, yeye alichuchumaa anieleze. Aliingiza kidole kwenye mfuko wa koti lake uliokuwa umefumuka, kikatokea upande wa pili, akasema utumbo wangu umefanya hivi, na kwamba atautoa, ataurudisha ndani, halafu atashona mfuko. Sikuwahi kumwelewa daktari haraka namna hiyo. Nilitaka kumshauri aina ya mshono, ila nilikuwa ninatapika.

Mlangoni mwa chumba cha wanaume waliopasuliwa tulipokewa na muuguzi mwanamke mwenye sauti ya mtu anayenadi samaki kwenye mwambao. Alimtazama mama mkwe, akaona ni mtu mzima mwenye kutegemewa, akampa sheria ya nyumba.

"Mama, gadimaladi asiondoke pembeni ya mugonjwa. Tumesikilizana?"

Mama mkwe aliitika. Yeye akiitika jambo ameitika.

Walinipasua usiku uleule, na nilipozinduka kulikuwa kumekucha. Kulia kwangu alilala motari, kijana wa kubeba abiria kwa pikipiki, mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga. Mbele yetu, dirishani, alilala mzee aliyelalamika kuhusu godoro lake tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi niliyeliona godoro hilo ninakuambia alikuwa na haki.

Motari alinieleza hospitali yote kabla sijaweza kugeuza shingo. Kwa maelezo yake, hapa walimsahau kwenye ukumbi na mguu uliovunjika mpaka akaanza kuwaimbia, na hapahapa ndipo yule muuguzi wa sauti kubwa alipokesha naye, akimbadilishia vitambaa, ili mguu usikatwe. Yote mawili ni kweli, alisema, na anayetaka kusikia moja tu aende kumwuliza mtu mwingine. Baadaye niliona mwenyewe. Mama wa sauti kubwa alikuwa na mikono myepesi kama pamba; alinibadilishia bandeji nisijue ameanza lini. Mwenzake wa zamu ya usiku, mwanamume mpole anayeongea kama anaomba samahani, alitafuta mshipa wangu kwa sindano kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, katikati ya kitanda changu na cha motari, mgongo kwangu, uso mlangoni. Hivyo ndivyo alivyolinda heshima: karibu kuliko ndugu, lakini bila kutazama. Na kwa kuwa mke wangu hakuwepo, motari ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka maneno.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia, "uliza ndugu yako kama iko na baridi."

Motari alinigeukia. Kati yetu sote watatu ungeweza kutandaza kitenge kimoja kikatutosha. "Ndugu, mama anauliza kama uko na baridi."

"Mwambie mama hapana, aksanti."

"Mama, anasema hapana, aksanti."

"Nimesikia," mama mkwe akajibu.

Motari alisema amebeba abiria wa kila namna, mpaka Fizi mlimani na mbuzi juu, lakini safari fupi kama hii hajawahi kupewa.

Sasa tunafika kwenye chaki. Ukipasuliwa tumbo, utumbo unashtuka na kulala. Kazi ya kwanza ya wauguzi ni kujua umeamka lini, maana ukipewa chakula kabla haujaamka unaweza kupata shida kubwa. Na dalili ya kuamka ni moja wanayoipenda kuliko zote: upepo utoke. Wao wanauita gazi. Kwa hiyo muuguzi anapita asubuhi na jioni, anauliza, na jibu lako ndilo linalofungua au kufunga sufuria.

"Papa," aliniuliza mama wa sauti kubwa, nami nina hakika walimsikia mpaka wodi ya watoto, "ulishatosha gazi?"

Kutosha, kwa Kiswahili chetu, ni kutoa. Nilitikisa kichwa. Siku hiyo ilikuwa kweli, bado. Lakini swali lenyewe lilitosha kunichoma masikio. Mama mkwe alikaza fundo la kilemba chake na kuutazama mlango kwa bidii zaidi, kama mtu anayengoja mgeni.

Alfajiri iliyofuata, kabla ya adhana kusikika kutoka upande wa soko, jambo likatimia. Sitakuelezea. Nitasema tu kwamba lilikuwa la hakika, na tumbo langu lote lililegea kama kamba iliyofunguliwa. Nilisikiliza mkekani. Mama mkwe alikuwa anapumua taratibu, kama mtu aliye usingizini. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili.

Kulipokucha muuguzi akaja. "Papa, gazi?"

Unaona ni rahisi, kusema ndiyo? Basi jaribu. Mweke mama mkwe wako kwenye mkeka, kilemba chake kikiwa mkono mmoja kutoka kwenye mto wako, macho wazi, kisha umjibu muuguzi. Nilitazama paa. Nilitazama mfuko wa mchanga wa motari. Muuguzi alingoja kidogo, akasema, "Bado," akaandika, akaenda kwa mzee wa dirishani, ambaye hakuwa na aibu yoyote na alitoa maelezo marefu.

Mchana magadimaladi wengine walifunua sufuria zao. Kama hujawahi kufunga chakula kwa amri katika chumba kimoja na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, usiseme unaijua njaa. Nilijaribu njia. Kupitia motari nilimwambia mama mkwe aende nyumbani akaoge, amwone mjukuu. Jibu lilirudi kwa njia ileile kwamba muganga, ndivyo tunavyomwita daktari na muuguzi pia, amesema gadimaladi asiondoke, na yeye hataki kugombana na muganga. Alikuwa anatoka tu wakati nimelala, na alikuwa anarudi kabla sijaamka. Ndiyo maana sikuwahi kupata nafasi. Kumnong'oneza motari sikuthubutu. Jana yake alikuwa amemtangazia kila mtu, kwa upendo kabisa, habari za tumbo la mzee wa dirishani.

Jioni muuguzi aliuliza, paa likajibu, akaandika bado.

Asubuhi iliyofuata daktari kijana alikuja na yule muuguzi. Aliweka chombo chake tumboni mwangu, akasikiliza huku na huku, akakunja uso. Alisema haelewi. Tumbo ni laini, linanguruma, lakini mgonjwa hatoi kitu tangu siku ile, na utumbo uliokuwa umekwama hauaminiki. Inawezekana kuna mahali umejikunja tena. Kisha akanieleza kwa upole, kama alivyonieleza kwa mfuko wa koti, kwamba ikifika saa sita bila gazi watanirudisha chumba cha kupasulia waangalie ndani. Akamwambia muuguzi aandae.

Ninashona tangu ujana wangu. Ninajua kitambaa kilichoshonwa, kikafumuliwa, kikashonwa tena: hakishiki uzi kama mwanzo. Nilimfikiria mtoto wangu ambaye nilikuwa nimemshika mara chache tu. Nikafungua mdomo.

"Dokta," nikasema.

Akageuka. Na katikati yetu, pale pale, kilikuwepo kile kilemba.

"Dokta, tumbo haliumi."

"Vizuri, papa," akasema, akaanza kuondoka.

Hapo mama mkwe akazungumza. Hakugeuka. Alizungumza akiutazama mlango, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza bei ya mihogo.

"Mwanangu, ambia muganga, ule ndugu yako alishatosha. Jana, mbele ya adhana. Na mangaribi tena." Akanyoosha kona ya mkeka. "Mi sikusikia kitu. Lakini alishatosha."

Mzee wa dirishani aliacha kulilalamikia godoro lake. Nilimngoja motari acheke, na sitasahau kwamba hakucheka. Alijiinua kwenye kiwiko na kuupeleka ujumbe kama anavyousoma mtu aliyesimamishwa mbele ya kanisa.

"Dokta, mama anasema ndugu alishatosha, jana mbele ya adhana, na mangaribi tena. Anasema hakusikia kitu."

Daktari alitazama mgongo wa mama mkwe, akamtazama motari, akanitazama mimi. "Papa, ni kweli?"

Nilifumba macho. "Ni kweli."

Muuguzi alianza kwa sauti yake ya siku zote, akiuliza ni mtu wa namna gani huyu anayenyamaza na njaa mpaka anataka kupasuliwa mara ya pili. Halafu akakatika katikati. Aliutazama mkeka, akanitazama nilivyojifunika shuka hadi kidevuni.

"Huyu mama ni nani yako?"

"Ni mama ya bibi yangu."

Aliweka kiganja mdomoni. "Aa," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipogundua kwamba anaweza kunong'ona. "Bakwe."

Daktari alikuwa mtu wa mbali, wa mkoa mwingine, hakuelewa. Ikabidi muuguzi amvute pembeni amweleze kwa Kifaransa, na sisi tulioachwa tukaona tu mabega yake yakianza kutikisika ndani ya koti. Muuguzi yeye hakucheka. Alikuwa binti wa huku kwetu, wa Nundu, alijua uzito wake. Alirudi, akachuchumaa mbele ya mama mkwe, akamwambia kwamba sheria ya kutoondoka ilikuwa ya kumlinda mgonjwa, si ya kumfunga yeye, na kwamba kosa ni la wale wanaouliza bila kwanza kutazama nani amekaa wapi. Mama mkwe alijibu kwamba yeye hana neno, ila kama sasa ameruhusiwa kutoka angependa kwenda kupika.

Alirudi na uji wa mtama, mwepesi, wenye sukari kidogo. Aliuweka kwenye kimeza cha motari. "Hii ni ya ndugu yako," akasema, na akatoka kwenda ukumbini asinione nikila. Niliugeukia ukuta, nikanywa.

"Polepole, ndugu," motari alisema. "Hakuna mwenye kukufukuza."

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka mfuko wa mchanga ukayumba na akaanza kuomba msaada kwa maumivu, tukacheka wote, kila mmoja akishika mahali pake paliposhonwa. Kutoka ukumbini nilisikia mtu mwingine anacheka taratibu, kisha akakohoa ili isijulikane.

Siku zilizobaki muuguzi yule aliuliza kwa namna mpya. Alisimama mlangoni, akatangaza kwamba magadimaladi wote waende kuchota maji, na bomba lilipojaa watu ndipo alipopita kitanda kwa kitanda. Sauti yake ilikuwa ileile, kwa hiyo huko bombani walisikia yote. Lakini hawakuwepo, na hilo kwetu ni jambo kubwa. Sijui kama bado wanafanya hivyo. Zamu hubadilika, watu huhamishwa. Motari alitoka baada yangu, mguu umepona na umepinda kidogo. Akipita mbele ya chumba changu cha ushonaji ananiambia kwamba waliuokoa na waliupindisha, na anawasalimia kwa yote mawili. Mimi mshono wangu ulifunga vizuri. Nafasi kati ya uzi na uzi zilikuwa sawa kabisa, isipokuwa ya mwisho, ambapo nadhani daktari alikuwa amechoka.

Nilipopata nguvu nilikwenda Mboko na mjomba wa mke wangu, na mke wangu mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni. Tulibeba kuku na kitenge kipya, maana jambo kama lile halibaki hivihivi. Aibu iliyopita kati ya wakwe inaoshwa, na huoshwa kwa mkono wenye kitu. Mama mkwe alikuwa anaanika mihogo. Alipisha, tukapisha, tukakaa kila mmoja upande wake. Mke wangu alipeleka kuku.

"Uliza bwana yako," mama mkwe alisema, "kuku ya nini?"

Mke wangu alimjibu kwamba ni ya yale mambo ya hospitali.

"Mimi?" Alimpokea kuku, akampima uzito kwa mkono, akaonekana kuridhika. "Mi sikusikia kitu."

Akamfunga kuku mguuni, akaenda kuwasha moto.

Basi, siku utakapolazwa, kabla hawajakuwekea serumu, mwambie muuguzi anayekupokea mtu aliye kando yako ni nani kwako. Na anapotaka kukuuliza habari za mwili, mwombe kwanza amtume huyo mtu akachote maji.